Mama Alivyomsindikiza Afisa

Kwenye fomu kulikuwa na swali moja ambalo nililijibu kwa uongo, na uongo huo nusura umkoseshe mama yangu kitu pekee alichowahi kukiomba serikalini.

Swali liliuliza kama mwombaji anaweza kusimama na kufanya shughuli za nyumbani bila kusaidiwa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, fomu nazijaza mwaka mzima, kwa hiyo nilikuwa nimejitwika kazi ile bila kuombwa. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitenganisha vifungo kwa rangi. Nikamsomea.

"Andika ndiyo," alisema.

"Mama, tukiandika ndiyo hawatupi kitu."

"Chai uliyokunywa sasa hivi nani kapika?"

"Wewe."

"Hapo ulipokaa nani kafagia?"

"Wewe, mama."

"Basi andika ndiyo. Sijawahi kuidanganya serikali, siwezi kuanza leo na mvi hizi."

Nikaandika hapana, kisha nikaigeuza karatasi haraka kabla hajaomba miwani yake. Nilijiambia kwamba namsaidia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na watu wa aina yangu huwa tunaamini kwamba tukishakasirika kwa ajili ya mtu, basi tumeshamsaidia.

Mama ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Polio ilimpata angali mdogo, mguu wa kushoto ukakonda na kubaki hivyo, na tangu hapo anatembea kwa magongo mawili ya kwapani. Baba alimleta Mwanza, akamjengea nyumba ya vyumba vitatu kwenye mojawapo ya vile vilima vya pembeni mwa jiji, ambako mtu hununua kiwanja kwanza halafu ndipo anatafuta pa kuiweka nyumba kati ya jiwe na jiwe. Baba akafariki nikiwa darasa la pili. Mama akakodi fremu ya duka huko chini barabarani, akaweka cherehani, akaanza kushona sare za shule. Watoto wengi wa mtaa ule wamesoma wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake, na mimi mmoja wao.

Kila asubuhi alishuka, kila jioni alipanda, mpaka mabega yakakataa. Daktari alisema viungo vya mabega vimelika kwa kubebeshwa kazi ya miguu, na kwamba akiendelea kuyapanda yale mawe kila siku atapoteza na mikono. Masika yale mama aliifunika cherehani kwa kanga, akafunga fremu, akapanda nyumbani na kubaki huko. Miezi ikapita. Nikamwambia tutafute watu wampandishie cherehani nyumbani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Wateja hawapandi huku," alisema. "Cherehani ikiletwa juu, mwanangu, ujue na mimi nimekwisha. Nitabaki kushona viraka vya wajukuu mpaka nife."

Kwa hiyo tulichokuwa tunakitafuta ni hicho tu: chombo cha kumshusha mama hadi kwenye fremu yake na kumrudisha. Kutoka nyumbani kwenda barabarani kuna njia mbili. Ya mkato inapita kati ya mawe, na mtu mwenye miguu yake anaimaliza kwa dakika kumi. Ya pili ni ya magari, inazunguka kilima kizima, na kwa magongo haifikiriki. Bodaboda alishaijaribu, mguu ule haushiki, akaanguka, akaapa hatapanda tena. Ila pikipiki ya magurudumu matatu, ile yenye kiti kipana ambayo kila kitu chake kinaendeshwa kwa mikono, ingepita njia ya magari bila shida. Mwenyekiti wa mtaa alipotangaza kwamba halmashauri ina fungu la watu wenye ulemavu, na kwamba anayehitaji chombo cha kumwezesha kufanya kazi aandike barua, mama alinipigia simu yeye mwenyewe. Mama hana tabia ya kupiga simu. Mama hupigiwa.

Barua ikapita kwa mwenyekiti, ikapigwa muhuri. Ikapita kwa mtendaji, ikapigwa mwingine. Daktari akajaza fomu yake. Ikabaki picha, nao walitaka picha ya mwili mzima inayoonesha ulemavu. Nikampandisha mpiga picha hadi nyumbani. Mama akatoka amevaa kitenge cha kanisani, akakaa kwenye kiti kizuri, akakivuta kitenge kikafunika miguu yote miwili, akanikabidhi magongo.

"Shika haya, usimame kule."

"Mama," mpiga picha alijaribu, "wanataka mguu uonekane."

"Wanataka kunijua mimi au mguu?"

Mpiga picha akanitazama mimi, mimi nikatazama mawe. Picha ilitoka nzuri kupita kiasi. Ungedhani ni mgeni rasmi anasubiri kukata utepe. Nilikasirika, lakini niliibandika kwenye fomu hivyo hivyo, na nakala yake ninayo kwenye simu mpaka leo.

Hapa lazima niieleze nyumba ya mama, maana bila kuijua mtu hataelewa lililotupata. Ndani ya nyumba yake mama hatumii magongo. Kila kitu kimewekwa kwa kipimo cha mkono wake. Akitoka mlango wa chumbani mkono unakutana na kabati, kabati linampeleka kwenye mgongo wa kochi, kochi kwenye meza, meza kwenye kiti cha mbao, kiti kwenye mlango wa jikoni. Anapita humo upesi, bega moja chini, bega moja juu, na usipoangalia kwa makini unaona tu mwanamke anayependa kugusagusa vitu vyake. Nilipokuwa mtoto niliweza kuvunja sahani nikasamehewa, lakini kusogeza kiti ilikuwa kesi kubwa. Mgeni asiyejua akivuta kiti asogee kwenye mazungumzo, mimi na mama tulikuwa tunatazamana tu, na akinyanyuka nakirudisha mahali pake.

Mgeni akibisha hodi, magongo yanaenda nyuma ya mlango wa chumbani. Hiyo ni sheria yake. "Akiyaona ataanza kuninyang'anya vyombo mkononi," husema. Kwao Ukerewe, kwa maelezo yake, mgeni aliyemkuta mwenyeji amekaa na akaondoka bila kula angevuka maji na hiyo habari. Kwa hiyo yeye humpokea mgeni akiwa amesimama, humnawisha mwenyewe, humpakulia mwenyewe. Kitu kimoja tu hakufanya, nacho ni kumsindikiza. Kwetu mgeni anasindikizwa, hasa hasa hadi barabarani, na mazungumzo yenyewe ya maana huwa huko njiani. Mama aliishia mlangoni. Alishika mwimo wa mlango, akasema, "Mwanangu atakusindikiza," akageuka akarudi ndani. Hakutaka mtu alazimike kutembea mwendo wake.

Na mimi hakunisindikiza. Nilisoma bweni Ukerewe, karibu na ndugu zake, na kila muhula niliondoka na sanduku kichwani na jirani mmoja wa kunifikisha bandarini. Pale wenzangu walikuwa na mama zao, wanawafungia vizuri mizigo, wanawapungia mkono mpaka meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, inang'oa nanga. Mama yangu, ambaye kila siku ya Mungu alishuka mwenyewe kwenda kwenye fremu, aliniaga mlangoni na kunigeuzia mgongo kabla sijafika jiwe la kwanza. Nilijua kwamba ana mguu. Lakini kusimama mlangoni na kunitazama kulihitaji mguu gani? Kinyongo hicho nilikua nacho, nikaolewa nacho, nikazaa nacho.

Basi tukapigiwa simu kwamba afisa ustawi wa jamii atakuja kuthibitisha maombi, kesho saa nne. Niliomba ruhusa shuleni. Asubuhi nikamwambia mama neno moja tu: "Leo kaa. Nakuomba, kaa tu." Akasema sawa.

Hodi ilipopigwa nilikuwa jikoni. Niliporudi sebuleni mama alikuwa amesimama kando ya kabati, kitenge cha kanisani, tabasamu la Krismasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu sana. Pole na mawe."

Alikuwa kijana mpole, shati limechomekwa, viatu vimejaa vumbi, na begi la kubebea karatasi ambalo mkanda wake ulikuwa umekatika na kufungwa kwa waya. Nikayatafuta magongo kwa macho. Yalikuwa yamekwenda mahali pake.

Mama alimnawisha mikono huku kiuno kimeegemea meza. Akaleta ugali wa muhogo, akarudi, akaleta sato wa kuunga, akarudi, akaleta mboga. Sijui aliamka saa ngapi kuvipika. Mkono mmoja ulibeba, mwingine ulipita kwenye kiti, kwenye meza, kwenye kochi. Afisa aliponyanyuka amsaidie aliambiwa akae ale. Akala mpaka akatoa kitambaa kujifuta jasho. Mimi nimekaa pembeni nikiangalia lile jibu langu la hapana likipakuliwa sahani baada ya sahani.

"Mama, shughuli za nyumbani unazifanya mwenyewe?" aliuliza akiwa ameshafungua fomu.

"Zote."

"Hakuna anayekusaidia?"

"Anisaidie nani, huyu? Huyu hata samaki hajui kukaanga."

Wakacheka wote wawili. Akaandika. Fomu yake haikuwa na swali hata moja kuhusu njia ya mawe, na mama si mtu wa kujibu asichoulizwa. Mlangoni akashika mwimo, akasema mwanangu atakusindikiza, akaingia ndani. Nilimsindikiza yule kijana nikiwa nimefunga mdomo, kwa sababu ningeufungua ningelia.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Yalisema mwombaji ameonekana kujimudu vizuri, na kwamba maelezo ya fomu hayalingani na hali iliyoonekana, kwa hiyo ombi halikupitishwa. Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya mtendaji, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa afisa bila hata kunywa maji. Nilimsemesha kwa sauti ya darasani. Nilimuuliza kama alisomea kuhesabu miguu ya watu. Akaniacha nikamaliza, halafu akasema taratibu:

"Mwalimu, wewe umeandika mama hawezi kusimama. Mimi amenipokea amesimama. Amenipikia, amenipakulia, amenikaribisha kama mama yangu mzazi. Ningeandika nini?"

Hasira yote ilinishuka miguuni, nikaona aibu.

"Naweza kuja tena," akasema. "Rufaa ipo. Lakini nisichokiona siandiki, kwako wala kwa mtu mwingine."

Mtu mwenye akili angeenda nyumbani akaungame. Mimi nilienda nyumbani na mpango. Niliandika rufaa, na siku ya ziara ya pili nilifika alfajiri, mama akiwa bado chumbani, nikaanza kutoa viti. Nilitoa kiti cha mbao nikakiweka uani. Nikasukuma kochi hadi ukutani. Nikalisogeza kabati kidogo, likalia. Nilitaka afisa akute nyumba wazi na mama yangu amekaa, hana pa kushika, na ukweli uonekane.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mkono wa mama ukatoka, ukatafuta kabati, haukulikuta. Ukabaki hewani hivyo, umefunguka. Niliwahi kumwona mama amefiwa na sikumwona amepotelewa kama pale, kwenye mlango wa chumba chake, ndani ya nyumba yake. Hakupiga kelele. Alishikilia mlango, akanitazama, akaitazama sebule.

"Rudisha vitu vyangu," alisema.

"Mama, ni kwa leo tu. Ili aone."

"Aone nini? Kwamba mwanangu amenivunjia nyumba?"

Nilivirudisha kimoja kimoja. Miguu ya kila kiti ilikuwa imechimba alama zake kwenye sakafu, kwa hiyo sikuhitaji kuelekezwa. Nilikuwa nalia, sifichi. Nikamwambia na lile la fomu, kwamba niliandika hapana. Akasema kwamba hata ningempa fimbo ya kunichapa asingejua aanzie wapi, maana mimi ni mkubwa kuliko yeye sasa. Akanituma chumbani nimletee kanga. Huko nikaona kiti cha zamani kimewekwa chini ya dirisha linalotazama mteremko, na rangi ya kizingiti cha dirisha imebanduka sehemu mbili, kama mtu anavyoweka viwiko. Nilidhani ni pa kuanikia dagaa. Nikachukua kanga nikatoka.

Afisa alifika saa tano. Mama alimpokea amesimama, akamnawisha, akampa chakula, yote kama mwanzo. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Wakati anakunywa maji ya mwisho, mama akamuuliza:

"Baba, wewe umekuja kuangalia nini hasa?"

"Nimekuja kuona unavyoishi, mama."

"Huyu binti yangu ameandika uongo kwenye karatasi yenu. Mimi nasimama, na kazi za humu nazifanya. Ulivyoona ndivyo ilivyo. Lifuteni hilo."

Kijana akainamisha kichwa, akafuta. Mimi nikatamani sakafu ipasuke. Akafunga begi lake lenye waya, akaaga. Mama akafika naye hadi mlangoni, akashika mwimo, nami nikasimama tayari kwa kazi yangu.

"Niletee magongo," mama alisema.

Sikuelewa. Akarudia. Nikayatoa nyuma ya mlango, mbele ya mgeni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Leo nakusindikiza mwenyewe," alimwambia afisa. "Ila utanivumilia. Utatembea mwendo wangu."

Tukatoka. Afisa alipiga hatua zake tano za kawaida, akageuka, akakuta mama bado yuko kwenye jiwe la mlangoni, anatafuta pa kuweka gongo. Akarudi. Akapiga hatua tatu, akageuka. Baada ya hapo akajifunza. Mama alikuwa anazungumza naye kama mtu anavyozungumza na mgeni njiani: mama yako mzima? Anaishi wapi? Bado analima? Gongo moja linatangulia, linatafuta mahali penye mchanga kati ya jiwe na jiwe, bega linapanda hadi sikioni, mwili unafuata. Kwenye kila jiwe kubwa alipumzika, lakini mazungumzo hayakupumzika. Jasho lilimtoka usoni akawa anauliza bei ya mihogo kwao.

"Mama, panatosha," afisa alisema tulipofika mahali pembamba. "Rudi, nimeshasindikizwa."

"Bado. Mgeni wangu simwachi kwenye mawe."

Katikati ya njia kuna korongo ambalo watu wameweka mbao mbili. Mama alifika hapo, akanipa magongo, akakaa chini na kitenge chake cha kanisani, akavuka juu ya zile mbao kwa makalio, anajisukuma kwa mikono, mguu mmoja umetangulia na ule mwingine unaburutwa. Upande wa pili akaomba magongo, akasimama, akajikung'uta vumbi, akaendelea na sentensi aliyokuwa ameikata. Ilikuwa inahusu kuku wa mama yake afisa. Kijana alikuwa ametazama upande wa ziwa.

Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka yote, najua anashuka, najua anapanda, lakini sikuwahi kutembea naye njia ile kwa mwendo wake. Siku zote nilitangulia. Nilikuwa mtoto mwepesi, nilimwacha nikafika. Siku ile nilihesabu mawe aliyopumzikia mpaka nikaacha, nikamwonea fahari.

Tulipofika barabarani watoto wa shule ya msingi walikuwa wanarudi nyumbani. Wawili watatu wakakimbilia kumwamkia fundi, wakamuuliza anafungua lini. Mama akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akafungua fremu, akaifunua cherehani, akapuliza vumbi.

"Lete hilo begi lako," alimwambia afisa. "Tangu siku ile ya kwanza nakuonea huruma na waya huo."

Afisa akamwaga karatasi zake kwenye benchi la wateja, akampa begi. Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka kwa safari. Akaiweka juu ya meza ya cherehani, akaisubiri itulie, kisha akazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kukanyaga pedali kwa ule mguu wake mmoja mzima. Sauti ya cherehani ikajaza chumba. Muda wote huo kijana aliandika, fomu iko juu ya goti. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika na nyuma.

Mkanda ulipokuwa tayari mama aliuvuta kwa nguvu kuujaribu, akamrudishia. Afisa akauliza kitu kimoja tu ambacho hakikuwa kwenye fomu.

"Mama, na kurudi utarudije?"

"Kama nilivyokuja."

Ndivyo alivyorudi. Tulifika juu jua linazama, na siku tatu mabega yake yalikuwa yamevimba, namkanda kwa maji ya moto huku akinisimulia kwamba yule kijana ana adabu, ila mama yake amfundishe kushona kifungo.

Pikipiki ilikuja mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, kwa njia ya magari, imefungwa kamba juu ya gari dogo. Sitaki kuisimulia hotuba ya siku ile, ilikuwepo, iliisha. Kilichonishangaza ni kwamba mama alijifunza kuiendesha kwa siku moja, na siku ya pili alinifokea kwamba ninasimama vibaya njiani. Fremu ikafunguliwa. Fomu za kujiunga na kidato cha kwanza zilipotoka, foleni ya sare ilifika hadi kwa muuza vocha.

Jumapili moja nilikwenda kumsalimia. Jioni nikaaga, nikasimama mlangoni nikisubiri aseme nenda salama, mwanangu, anigeuzie mgongo kama siku zote. Akasema, "Ngoja." Akachukua magongo, akatoka, akapanda pikipiki yake iliyokuwa chini ya paa.

"Kaa nyuma," aliniambia.

Tukazunguka kilima kwa njia ya magari, mimi nimemshika kiuno kama mtoto. Karibu na barabara, pale njia ya mawe inapokutana na ya magari, kuna jiwe moja refu. Mama alisimama hapo na pikipiki inanguruma.

"Ndilo hili," alisema.

"Lipi, mama?"

"Lililokuwa linakuficha. Mlangoni sikuoni hata hatua kumi, kwa hiyo nilikuwa nakimbilia dirishani, kiti, meza, kochi, kabati, nisije nikachelewa. Nakuona na sanduku lako mpaka hapa. Ukifika hapa basi." Akaligonga jiwe kwa kiganja. "Ningekuja na wewe ungekosa meli."

Niligeuka nikatazama juu. Dirisha la chumbani lilikuwa linaonekana vizuri kabisa, dogo, liko wazi. Miaka yote ile sikuwahi kugeuka nikiwa mahali pale. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini mama alikuwa ameshavuta mafuta, tukalipita jiwe.